Ramani kubwa lakini gemu inaonekana ndogo: jibu kwa kijana wa Mwanza

Kuna kijana wa Mwanza kaniandikia, yeye na wenzake wawili wanatengeneza gemu ya simu ya kucheza watu wengi kwa pamoja mtandaoni, mambo ya ziwa, visiwa, boti na biashara. Swali lake kwa kifupi ni hili: "Kaka, tumetengeneza ramani ya kilomita 40 kwa 40, tumeweka visiwa, misitu, vijiji, kila kitu. Tukawaita watu 30 waijaribu, karibu wote wakasema ni nzuri ila haina ule ukubwa, ni kama umeachwa peke yako. Sasa tuongeze ramani au tuongeze watu? Na seva, yaani kompyuta ya kuendeshea gemu mtandaoni, tutaimudu kweli, maana bajeti hatuna?"

Mdogo wangu, kwanza hongereni, kufika hatua ya kuwa na watu 30 wanaojaribu gemu yenu si kazi ndogo, wengi wanaishia kwenye michoro. Jibu la haraka ni kwamba ramani msiiongeze, ipunguzeni, tena sana. Na watu nao msikimbilie kuwaongeza, maana mkiwaleta 500 kwenye gemu hiyo hiyo ilivyo leo watasema maneno yale yale ya hao 30. Sasa ngoja nieleze kwa nini, itakuwa ndefu kidogo ila nataka uelewe vizuri kwa sababu hili jambo nalipenda kupita kiasi.

Tuanze na hesabu, hapa ndo wengi tunapojidanganya. Kilomita 40 kwa 40 ni kilomita za mraba 1,600. Ukiwatawanya watu 30 humo kila mmoja ana zaidi ya kilomita za mraba 50 za peke yake. Kwenye skrini ya simu mtu anaonekana mpaka umbali gani, tuseme mita 300 hivi, akizidi hapo anakuwa nukta. Duara la mita 300 kuzunguka mchezaji ni kama kilomita za mraba 0.28 tu. Piga hesabu uone: wakati wowote mchezaji akiangaza macho, nafasi ya kumwona mwenzake hata mmoja ni kama moja kwa mia mbili, na hapo umechukulia wote 30 wako hewani kwa mpigo mmoja kitu ambacho hakitokei. Hata ukiweka watu 1,000 bado ni kama moja kwa sita, yaani mara nyingi anaangalia pori. Na mtu wa kwenye gemu akikimbia mita 5 kwa sekunde anatumia zaidi ya masaa mawili kuvuka upande mmoja hadi mwingine. Sasa masaa mawili ya kukimbia bila kukutana na mtu wala dalili ya mtu, kwanini asiseme ameachwa peke yake?

Na hamjaanza nyinyi. Agosti 2016 ilitoka No Man's Sky ya Hello Games wa Uingereza, ulimwengu wenye sayari zaidi ya 18 ukifuatisha na sufuri 18, namba ambayo hata kuitamka ni shida, zote zinazalishwa na kompyuta kwa kanuni. Siku zile zile za mwanzo wachezaji wawili wakapanga wakutane, wakafika sayari moja, sehemu moja, wamesimama pale pale, na hakuna aliyemwona mwenzake. Ilichukua mpaka Julai 2018 ndo ikaja apdeti ya kuwawezesha kuonana vizuri na kucheza pamoja, na nawapa heshima zao kwa sababu waliendelea kuifanyia kazi bila kukata tamaa na leo ni gemu nzuri sana. Lakini ule mwanzo unaonyesha wazi kwamba sayari hazikusaidia. Mtu alitua kwenye sayari ya kumi akaona ni ile ya tatu imebadilishwa rangi, na karibu chochote alichofanya pale hakuna mwingine ambaye kingemgusa.

Mimi naona hivi, na huu ndo msimamo wangu kwa muda wote niliokaa kwenye kazi za seva: ulimwengu wa gemu unakuwa mkubwa pale mambo yanapotokea huko usikokuwepo, yanafanywa na watu usiowajua, halafu yanakufikia hapo ulipo. Ukiwa nalo hilo, kilomita 6 zinatosha. Ukilikosa, hata hizo sayari hazikuokoi.

We ni wa Mwanza, unaijua Mwaloni, lile soko la samaki pale Kirumba. Ukiipima kwa hatua si sehemu kubwa hivyo. Lakini simama pale kwenye magunia ya dagaa usikilize: huu mzigo umetoka Ukerewe, ule umetoka visiwa vya mbali zaidi, mnunuzi ametoka Kongo, yule wa Rwanda kaahirisha, bei imepanda kwa sababu mbalamwezi imekuwa kali na wavuvi wa taa hawakuingia ziwani. Huko visiwani hujafika, huyo mvuvi humjui jina, ila usiku wake wa jana umekugusa mfukoni leo asubuhi. Hicho ndo wachezaji wako wanachokitafuta wakisema "ukubwa", hawajui tu kukitaja.

Sasa tuone walioweza. Gemu ninayoitolea mfano kila siku ni EVE Online ya kampuni ya CCP kutoka Iceland, ilianza mwezi wa 5 mwaka 2003 na mpaka leo iko hewani. Ni vyombo vya anga, mifumo ya nyota zaidi ya 7,000, na wachezaji karibu wote wa dunia wako kwenye ulimwengu mmoja, ukiacha China ambako wana seva yao. Wengine wengi kipindi kile walikuwa wanagawa wachezaji kwenye seva nyingi zinazofanana, yaani kama mji mmoja una nakala mia na wewe uko kwenye nakala ya 37, ukisikia mtu kafanya jambo kubwa kwenye nakala ya 12 halikuhusu. EVE walikataa hilo, na ugumu wake kiufundi ni balaa, nitakuja huko.

Ila kuwa wote sehemu moja peke yake kusingetosha. Angalia soko lao linavyofanya kazi. Kuna mfumo wa nyota unaitwa Jita, ndo soko kuu, na hakuna mtengenezaji aliyekaa ofisini akasema hapa patakuwa soko kuu, wachezaji wenyewe walisogea taratibu kwa sababu njia nyingi zinapita karibu mpaka pakajaa. Ukinunua madini Jita na unayahitaji upande wa pili wa ramani hayakurukii huko, yanakaa Jita mpaka uyafuate au umlipe mtu ayabebe, geti moja la kuvukia mfumo hadi mfumo baada ya lingine, na kwenye mageti kuna maharamia wanakagua mzigo wako wapige hesabu kama unalipa kukulipua. Kwa hiyo bei ya kitu kile kile Jita na bei yake kule mbali ni tofauti, na ile tofauti ni hatari na muda wa mtu fulani aliyesafiri. Kuna watu wamecheza miaka na miaka kazi yao ni ubebaji tu, hawajawahi kupiga risasi, na wanaheshimika kwa sababu bila wao huko mbali hakuna risasi za kupiga.

Halafu kuna ile siku ya Januari 27 mwaka 2014. Muungano mmoja wa wachezaji ulitakiwa ulipie umiliki wa mfumo wa nyota unaoitwa B-R5RB, malipo hayakupita, umiliki ukadondoka, wapinzani wakaona mwanya wakaingia, kila upande ukaanza kuwapigia simu watu wake waamke. Vita ikaenda masaa kama 21. Watu 7,548 walishiriki kwa nyakati tofauti, na vyombo vikubwa kabisa vinaitwa Titan vililipuliwa 75, na Titan moja si kitu cha kununua dukani, ni kazi ya kundi la watu kuchimba, kubeba na kujenga kwa muda mrefu. Thamani ya vilivyoungua ikakadiriwa kupita dola 300,000 za pesa halisi. CCP wakaweka mabaki ya kudumu ya zile Titan pale pale kama kumbukumbu. Leo mtu aliyejiunga mwaka jana anaweza kwenda akakuta mizoga imelala na akaelewa kwamba kabla yake kulikuwa na watu.

Tazama huo mnyororo: malipo ya mtu mmoja yamekwama, maelfu wamepigana, na mchimbaji mdogo aliye pembeni kabisa ambaye hata hajui B-R5RB iko wapi anashtukia wanaotaka madini ya kujenga vyombo vipya wameongezeka. Hakupigana, hakuona kitu, ila vita imemfikia. Kwake yeye siku hiyo ulimwengu ulikuwa mkubwa bila yeye kusogea hata mita moja.

Na kuna jingine linanigusa kila nikilikumbuka. Septemba 2012 afisa wa ubalozi wa Marekani, Sean Smith, aliuawa kwenye shambulio la Benghazi. Kwenye EVE alikuwa anajulikana kama Vile Rat, mtu wa mazungumzo, ndo alikuwa anapatanisha na kusuluhisha kati ya miungano mikubwa. Habari zilipotoka wachezaji wakabadilisha majina ya vituo kwenye maeneo yao kumuenzi, hadi waliokuwa maadui zake. Unasafiri unapita kituo baada ya kituo unakuta jina la mtu. Mtengenezaji wa gemu hawezi kuitengeneza hiyo, anachoweza ni kuacha nafasi, kwamba mchezaji anaruhusiwa kukipa kitu jina na jina likabaki.

Nije kwenye umbali, kwa sababu hapo ndo mtaharibu kirahisi sana. World of Warcraft, gemu ya mtandaoni ya kampuni ya Blizzard, ilivyoanza Novemba 2004, ukichagua kabila la night elf unaanzia kisiwa cha Teldrassil, na rafiki yako aliyechagua dwarf yuko bara jingine kabisa huko kwenye mji wa Ironforge. Unataka mcheze pamoja? Unashuka mpaka bandari ya Auberdine, unasubiri meli, meli inakutupa Menethil Harbor, na kutoka hapo unatakiwa ukimbie kwa miguu kwenye mabwawa ya Wetlands ukiwa na levo ndogo wakati mamba wa pale ni wa levo ya juu kuliko wewe, mmoja akikuona tu umekufa, unarudi kama mzimu kuutafuta mwili wako, unaamka, unakimbia tena mita mia mbili, unakufa tena. Mbele kuna njia ya milimani imejaa maadui, ukipita hapo ndo unaanza kuona theluji. Ukifika Ironforge ukaona lile lango ndani ya mlima una haki ya kupiga kelele. Maelfu ya watu wana kumbukumbu ya safari hiyo hiyo, na hakuna zawadi yoyote uliyopewa kwa kuimaliza.

Baadaye wakaanza kurahisisha. Januari 2007 wakaleta wanyama wa kuruka kwenye bara jipya la Outland, unapita juu ya kila kitu. Desemba 2009 wakaleta Dungeon Finder, unabonyeza kitufe, mfumo unakutafutia watu wanne hata wa seva nyingine, mnahamishwa moja kwa moja mpaka kwenye ngome mnayokwenda kupigana, mkimaliza mnarudishwa mlipokuwa. Naelewa kabisa kwanini walifanya, mtu ana kazi na watoto na ana dakika 40 tu za kucheza, hataki kutumia 30 kusafiri. Ila matokeo yake ni kwamba yale mabara mawili yakawa picha ya nyuma ya kitufe. Ramani haikupungua hata hatua moja, na mwaka uliofuata ndo walikuwa na wanachama wengi kuliko wakati wowote, milioni 12, lakini waliokuwepo tangu mwanzo walikuwa wanalalamika ulimwengu umekuwa mdogo. Blizzard walipoirudisha ile ya zamani Agosti 2019, na safari zake zote za miguu, watu walikaa kwenye foleni masaa kuingia.

Kwa hiyo ukisikia mchezaji wako anasema "safari ya boti ni ndefu, wekeni kitufe cha kutufikisha papo hapo", msikilize vizuri. Pengine urefu hauna shida, shida ni kwamba njiani hamna kitu. Mpe cha kuamua njiani: apite mlango wa karibu wenye wezi au azunguke, abebe mzigo mwingi boti iwe nzito au apunguze aende mbio. Mkiweka kitufe hamuwezi kukitoa tena, watu watawachukia.

Hapo hapo kwenye World of Warcraft kuna kisa cha Septemba 2005 ambacho kila anayetengeneza gemu za wengi anatakiwa akijue. Waliongeza bosi mmoja, yaani adui mkubwa wa kupigana naye, anaitwa Hakkar, akikupiga anakupa ugonjwa unaokula damu na unaambukiza aliye karibu, na ilitakiwa uishie ndani ya hekalu lake tu. Bahati mbaya mnyama wa mchezaji akiambukizwa halafu ukamficha, ugonjwa unabaki naye, ukimtoa tena ukiwa sokoni mjini unaanza kusambaa. Wauzaji wa sokoni wanaoendeshwa na kompyuta nao wakaubeba, wao hawafi, wanaambukiza tu. Miji ikajaa mifupa, watu wa levo za chini wanakufa hata hawajui wamefanya nini, wengine wakakimbilia porini, wengine wakajitolea kusimama mjini kuwaponya wageni, wengine wakausambaza kwa makusudi. Kampuni ililazimika kuzima na kuwasha upya kuufuta. Watafiti wa magonjwa ya mlipuko waliandika kuhusu kisa hiki, mwaka 2007 kikatoka kwenye jarida la Lancet Infectious Diseases, kwa sababu watu walifanya yale yale ambayo watu hufanya kwenye mlipuko wa kweli. Ilikuwa hitilafu, haikupangwa, na bado waliokuwepo wanasema zile siku ndo dunia ile ilikuwa hai kuliko siku zote. Ni ule ule mnyororo, umeanzia kwenye hekalu ambalo wewe mgeni hujawahi kulisikia ukakufikia sokoni.

Na kama unafikiri haya yanataka kampuni yenye mamia ya wafanyakazi, angalia 2b2t. Ni seva ya Minecraft, ile gemu ya kuchimba na kujenga kwa bloku, imeanza Desemba 2010, haina sheria na haijawahi kufutwa ikaanza upya. Ramani ya Minecraft ina upana wa bloku milioni 60, ila seva za Minecraft kwa kawaida zina ukubwa huo, hiyo haiifanyi 2b2t iwe tofauti. Tofauti ni unachokutana nacho ukiingia. Unatokea katikati na hakuna mti. Yamebaki mashimo, lava imemwagwa ikaganda kuwa kuta, ngome nusu zimebomolewa, nyasi hakuna, chakula hakuna, unakufa kwa njaa au mtego wa mtu aliyeuweka muda mrefu uliopita na kuacha kucheza. Ukijikaza ukatembea maelfu ya bloku unaanza kuona nyasi kidogo, kibao chenye maneno ya mtu, barabara ndefu zilizochimbwa na watu kwa mikono. Kila shimo pale lina mtu aliyelichimba na sababu iliyomfanya alichimbe. Waliopo hewani kwa wakati mmoja ni mamia tu, lakini unatembea juu ya maelfu waliopita. Nakuomba uliweke hili kichwani kwa sababu linawahusu moja kwa moja: nyinyi wenye watu 30 hamuwezi kuwa na umati wa leo, lakini mnaweza kuwa na umati wa miezi iliyopita, mradi msifute kitu.

Gemu ya Death Stranding ya 2019 ilikwenda mbali zaidi, humuoni mchezaji mwingine hata mmoja lakini unakuta ngazi na daraja alilojenga mtu, unavuka, unamwachia alama ya shukrani unaendelea. Kwenye bando hiyo haili karibu kitu, ni taarifa kidogo tu inavutwa ukifika eneo.

Gemu za Free Fire na PUBG Mobile nazipitia haraka. Ni nzuri kwa kazi yake, 50 au 100 wanaingia, duara linabana, mmoja anabaki, kila kitu kinafutwa. Ule ni uwanja wa mashindano na usilinganishe ulimwengu wako nao hata kama wachezaji wako wote wametokea huko. Vile vile usitishwe na zile namba za matamasha, Aprili 2020 gemu ya Fortnite walitangaza watu milioni 12.3 wameingia kwa mpigo kwenye shoo ya mwanamuziki Travis Scott ndani ya gemu, na kweli waliingia, ila kila mmoja alikuwa kwenye kikundi kisichozidi 100, nakala zaidi ya laki moja za tukio moja. Ni kazi kubwa ya seva, naivulia kofia, ila hakuna kilichotoka nakala moja kikagusa nyingine.

Sasa ya kwenu. Punguzeni ramani iwe kama kilomita 6 kwa 6. Najua inauma kutupa visiwa mlivyovichora, vihifadhini, mtavifungua baadaye watu wakijaa. Wekeni bandari mbili au tatu tu ambazo kila mtu lazima apite, kwa sababu watu hawatakiwi kutawanyika sawasawa, wanatakiwa wawe na pa kukutania na pa kupotelea. Kila kisiwa kiwe na kitu ambacho kingine hakina, na huyu wa mbao amhitaji yule wa chumvi. Bei ya kila bandari ijitegemee, msiweke soko moja la ramani nzima linalofunguka ukiwa popote, hilo ndo kosa linaloua haya magemu ya biashara, na mzigo usafiri na boti inayoonekana na inayoweza kuibiwa.

Habari nazo zisafiri. Mtu akifika bandarini aone nani ameingia leo, kaleta nini, boti gani imezama na wapi. Bei za bandari nyingine azione za mara ya mwisho mtu alipotoka huko, zisiwe za sekunde hii. Hapo mtu atakaa akijiuliza huko kunaendaje sasa hivi, na akijiuliza hivyo umeshampata.

Angalizo: wachezaji watamaliza kila kitu. Gemu ya Ultima Online ya mwaka 1997 walibuni mfumo wa ikolojia kabisa, wanyama wawindane, wakiisha chakula wahame, wachezaji wakaingia wakaua kila kinachotembea haraka kuliko kinavyozaliwa mpaka ule mfumo ukaondolewa. Kwa hiyo samaki wenu wakiisha sehemu fulani waishe kweli, bei ipande kweli, lakini muwe na sehemu ya akiba ambayo hakuna mtu anayeweza kuifikia ili warudi polepole.

Kwenye seva sasa, na hapa nina habari nzuri. Kinachoua seva ni kwamba kila mtu anatakiwa ajue habari za kila mwenzake. Watu 100 wakiwa sehemu moja ni taarifa 9,900 kila mzunguko, watu 1,000 ni 999,000. Ndo maana hata EVE kwenye vita kubwa wanapunguza kasi ya muda wenyewe, mpaka asilimia 10, sekunde moja inakuwa kumi, ili seva isidondoke. Dawa ya kawaida ni kugawa ramani vipande na kumpa mchezaji habari za kipande chake na vya jirani tu, hilo mlifanye tangu mwanzo.

Ya pili ni mara ngapi kwa sekunde seva inahesabu. Gemu za risasi zinahesabu mara 30 au 60. EVE inahesabu mara moja kwa sekunde, mara moja tu! Na maelfu wanapigana humo. Gemu yenu ni ya boti, boti hazikati kona kwa kushtukiza, mara 2 kwa sekunde zinawatosha, simu ndo itachora mwendo laini wa katikati. Fanya hesabu: taarifa ya boti moja baiti 20, boti 30 karibu yako, mara 2 kwa sekunde, ni kama megabaiti 4.3 kwa saa ukiacha data za ziada ambazo mtandao unaambatanisha. Ungeweka mara 20 ingekuwa 43. Kwa mchezaji anayenunua bando la siku hiyo tofauti ndo inaamua kama anarudi kesho.

Na pingi, yaani muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi, isiwatishe. Mwanga kwenye nyaya za chini ya bahari, SEACOM ya 2009 na EASSy ya 2010, unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva iliyo umbali wa kilomita 10,000 za waya inakupa milisekunde 100 kwenda na kurudi kabla hujahesabu vituo vya njiani. Kwa gemu ya risasi ni mateso, kwa boti mtu hahisi kabisa, kodisheni seva popote penye bei nafuu. Ila mjiandae na kukatika, mnakumbuka Mei 2024 zile nyaya mbili zilikatika kwa pamoja na nchi nzima ikawa inajikongoja. Boti ya mtu aliyepotea hewani iendelee na safari yake, ifike au iibiwe, na akirudi akute taarifa. Hiyo mnalazimishwa na mtandao wetu lakini inawafaa kuliko mnavyodhani, kwa sababu mtu anazima simu analala akijua boti yake iko ziwani.

Kuhusu bajeti, kwa watu 30 hadi 200 na mpangilio huu seva moja ndogo inatosha, msidanganywe na mtu awauzie mifumo mikubwa. Pesa mliyonayo iwekeni kwenye hifadhi ya data na nakala zake. Na kabla hujagusa ramani, leo au kesho, anza kuandika kumbukumbu ya kila tukio: nani kajenga, nani kabomoa, nani kauza wapi kwa bei gani, saa ngapi, boti ya nani imezama kwenye kipande gani. Hata kama bado hamna pa kuionyesha ndani ya gemu iandikeni tu, maana ramani mnaweza kuichora upya muda wowote mkitaka lakini mambo waliyoyafanya hao watu 30 wa kwanza, kama hayakuandikwa, hamtayapata tena. Ukishaweka hiyo na bandari mbili zinafanya kazi, niandikie tena, nitaingia na mimi nicheze.